“As” moja, kazi tano: kuvitambua vishazi tegemezi vya Kiingereza kwa maana yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili chuo cha ualimu na sasa niko kwenye mazoezi ya kufundisha Kiingereza, kidato cha tatu. Niliandika ubaoni “As I was crossing the road, I saw the accident” nikauliza kishazi tegemezi ni cha aina gani. Mwanafunzi akajibu ni cha sababu, kwa kuwa katika daftari lake “as” imeandikwa chini ya sababu. Nilijua si sahihi, lakini nilishindwa kumweleza kwa nini. Tena kitabu kimoja nilicho nacho kinataja aina nane za vishazi hivi, kingine kinataja kumi na mbili. Aina zake ni ngapi hasa, na mtu anazitambuaje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako hakubahatisha. Daftari limemwambia kuwa “as” ni ya sababu, naye akajibu kama alivyoandikiwa. Kasoro iko kwenye daftari, na madaftari ya namna hiyo ni mengi: viunganishi upande wa kushoto, majina ya vishazi upande wa kulia, na mstari umepigwa katikati. Orodha hiyo inatosha kwa “because”, “although” na “unless”, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake moja. Inavunjika ukifika kwa “as”, “since”, “while”, “when”, “if” na “so that”, na hivyo ndivyo mwanafunzi anavyokutana navyo kila ukurasa.

Kiunganishi peke yake hakitoi jina la kishazi tegemezi, yaani ile sehemu ya sentensi yenye kitenzi chake lakini isiyoweza kusimama peke yake. Jina hutokana na uhusiano uliopo kati ya kauli mbili, na mara nyingi Kiingereza huuonyesha uhusiano huo kwenye kitenzi. Hapo mwanafunzi anayeongea Kiswahili ana mtaji ambao hatuutumii. Lugha yake imezoea kuweka mambo haya ndani ya kitenzi chenyewe: -po- ya wakati, -ki- na -nge- za masharti, -vyo- ya namna, -e ya kusudi baada ya “ili”. Mwambie aigeuze sentensi kwa Kiswahili cha kawaida kisha atazame ni kiambishi gani au neno gani limejitokeza. Mara nyingi jibu litakuwa hapo hapo.

Tuchukue sentensi yako. “As I was crossing the road, I saw the accident” ni kusema: nilipokuwa navuka barabara, niliona ajali. Imekuja -po-, basi ni wakati. Sasa jaribu alivyosema mwanafunzi: kwa kuwa nilikuwa navuka barabara, niliona ajali. Ni Kiswahili safi, lakini anayesimulia ajali hakusudii kueleza kilichomfanya aione. Anatueleza alikuwa katika hali gani ilipotokea. Na Kiingereza chenyewe kimeacha alama: “was crossing” ni tendo linaloendelea, halafu “saw” ikaingia katikati yake mara moja. Ukikuta “as” na tendo linaloendelea namna hiyo, anza kwa kudhani ni wakati.

Linganisha na “As I was tired, I went to bed.” Hapa hakuna tendo, kuna hali ya uchovu, na hali hiyo ndiyo iliyompeleka kitandani. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nilikwenda kulala. Vitenzi vya hali kama “be”, “know”, “have” na “want” vikiwa na “as” huelekea kwenye sababu: “As she knows the road, let her drive.”

Kazi ya tatu ya “as” ni namna: “Do as I told you”, fanya nilivyokuambia. Imejitokeza -vyo-. Ya nne ni ulinganisho: “She is as tall as her mother was”, ni mrefu kama alivyokuwa mama yake. Utaitambua kwa “as” mbili zenye kivumishi au kielezi katikati yake. Ya tano ndiyo inayowashangaza wengi: “Poor as he was, he never begged.” Ijapokuwa alikuwa maskini, hakuombaomba kamwe. Kivumishi kimetangulia, “as” ikafuata, na maana ni ya kukinzana.

Usikimbilie kuandika ubaoni kwamba muundo huo wa tano siku zote ni wa kukinzana. Tazama “Tired as he was, we let him sleep.” Muundo ni uleule, lakini sasa ni sababu: kwa kuwa alikuwa amechoka, tulimwacha alale. Kilichobadilika ni kishazi huru, ile sehemu inayoweza kusimama peke yake. Maskini tunamtarajia aombe. Hakuomba, kwa hiyo kauli mbili zinakinzana. Mchovu tunamtarajia alale. Akaachwa alale, kwa hiyo kauli mbili zinafuatana. Mfano huu mmoja unaweza kumwonyesha mwanafunzi wako kwa nini orodha ya daftari haiwezi kumtosha.

Kuhusu idadi, vitabu vyako havipingani. Vinagawa kitu kilekile kwa visu tofauti. Kimoja kinaweka namna na ulinganisho pamoja, kingine kinavitenganisha. Kimoja kinaita “while” ya kulinganisha watu wawili aina yake yenyewe, kingine kinaiweka chini ya ukinzani. Wapo hata wanaisimu waliotoka kabisa kwenye mgawanyo huu: Huddleston na Pullum, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 2002, wanaviweka “before”, “after”, “since” na “because” miongoni mwa vihusishi. Mwanafunzi wa sekondari hahitaji mjadala huo. Kwa kidato cha tatu fundisha maana tisa za vishazi vya kielezi: wakati, mahali, sababu, kusudi, matokeo, sharti, ukinzani, namna na ulinganisho. Akikuta jina la kumi mahali pengine, ataliweka ndani ya mojawapo ya hizo.

Lakini kabla ya kugusa hizo tisa, kuna hatua ambayo madaftari mengi huiruka, nayo ndiyo huzaa makosa mengi kuliko zote. Ni kuuliza kishazi kinafanya kazi ya nani katika sentensi: ya nomino, ya kivumishi au ya kielezi. Majina tisa ni ya vielezi tu. Angalia “when” katika sentensi hizi tatu:

“I will leave when he comes.”
“I do not know when he will come.”
“The day when he will come is not known.”

Ya kwanza ni nitaondoka atakapokuja: kishazi cha kielezi, cha wakati. Ya pili ni sijui atakuja lini. Kishazi hicho ni kitu nisichokijua, kwa hiyo kinafanya kazi ya nomino, ni yambwa ya “know”. Ya tatu ni siku atakayokuja haijulikani. Hapo kinaieleza “day”, kwa hiyo ni kishazi cha kivumishi. Kiingereza kimetumia “when” mara zote tatu. Kiswahili kimetumia vitu vitatu visivyofanana: -po-, “lini” na -yo-. Mwanafunzi anayejua lugha yake hawezi kuvichanganya akikumbushwa kuitumia.

Sasa tazama vitenzi. Katika sentensi ya pili na ya tatu “will” imeingia ndani ya kishazi bila shida. Katika ya kwanza haiwezi kuingia. Hiyo ndiyo maana sheria ya “usiweke will baada ya when”, tunayoifundisha kwa ukali, huwachanganya wanafunzi wakikutana na “I do not know when he will come” kwenye gazeti. Sheria ni ya kishazi cha kielezi peke yake. Vivyo hivyo na “if”: “I will stay if it rains” ni sharti, mvua ikinyesha nitabaki, “I do not know if it will rain” ni nomino, sijui kama mvua itanyesha. Kiswahili kimetenga -ki- na “kama”, na Kiingereza kimetenga kwa “will”.

Upande wa vishazi vya kivumishi, jambo la kushughulikia ni “the man whom I saw him”. Linatoka kwenye “mtu niliyemwona”, ambako -m- ya yambwa ni lazima ikae. Katika Kiingereza “whom” imekwishachukua nafasi ya yambwa, na “him” inakuwa ya pili isiyo na kiti. Jambo jingine ni mkato. “My brother who lives in Mwanza is a doctor” inamchagua mmoja kati ya ndugu kadhaa. “My brother, who lives in Mwanza, is a doctor” inatoa taarifa ya ziada juu ya ndugu ambaye tayari anajulikana. Mikato miwili imebadilisha ukubwa wa familia.

Haya, twende kwenye maana zenyewe, na nitakaa zaidi pale wanafunzi wetu wanapoumia.

Kwenye wakati, kosa linalojirudia ni “I will call you when I will arrive.” Chanzo chake ni sentensi sahihi kabisa ya Kiswahili: nitakupigia nitakapofika. Sisi tunaweka -ta- pande zote mbili. Kiingereza kinaweka “will” kwenye kishazi huru, kisha kinaona imetosha: “I will call you when I arrive.” Ni hivyo kwa “before”, “after”, “until”, “as soon as” na “by the time”.

Kosa la pili linakuja na “kabla”. Kiswahili husema kabla hajafika, kabla hatujaondoka, kwa kitenzi cha kukanusha. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno anaandika “before he had not arrived”. “Before” haitaki kanusho: “before he arrived”. Ukiweka sentensi mbili hizo ubaoni, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini, ukapiga mstari chini ya “haja-” na kuonyesha kwamba upande wa pili hakuna kitu, somo linaeleweka haraka.

Na mpangilio wa matukio. “When we reached the station, the train left” inasema tulifika, treni ikaondoka tukiiona. “When we reached the station, the train had left” inasema tulikuta imekwishaondoka. Kiswahili hubeba tofauti hiyo kwa -ka- na kwa “ilikuwa imeshaondoka”, kwa hiyo wazo si geni.

Halafu kuna “since” na “while”, ambavyo vilizaliwa kuwa maneno ya wakati kisha vikapata kazi nyingine. “While” hapo kale ilikuwa nomino yenye maana ya kipindi. “Since” imetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya baada ya hapo. Kwa kuwa kinachotangulia mara nyingi huchukuliwa kuwa ndicho kilichosababisha kinachofuata, “since” ikavuka kutoka wakati kwenda sababu. Nasi tuna “maadamu”, iliyosafiri njia hiyohiyo: “maadamu ni hai” inazungumzia muda, “maadamu umefika, tuanze” inatoa sababu.

Namna ya kuzitenga: “since” ya wakati huandamana na kitenzi timilifu kwenye kishazi huru. “Since he left Moshi, he has not written to us”, tangu aondoke Moshi hajatuandikia. “Since he left without paying, he must come back”, kwa kuwa aliondoka bila kulipa, lazima arudi; hapa “must come” haihesabu muda wowote. Zipo zinazokubali zote mbili, kama “Since her husband died, she has lived alone.” Tangu afiwe, au kwa kuwa amefiwa? Zote zinafaa, na mwandishi huenda alikusudia zote. Mwanafunzi akitetea jibu lake hapo, mpe alama. Kwenye mtihani wako usiitumie.

“While” ya wakati hupenda matendo yanayoendelea: “While I was cooking, he was reading.” Ya kulinganisha hupenda hali zinazopingana: “While my father likes tea, my mother likes coffee.” Igeuze: wakati baba anapenda chai? Haikai vizuri. Baba anapenda chai, ilhali mama anapenda kahawa. “Ilhali” ndiyo imekaa mahali pake, na imekupa jina: ukinzani.

Mahali ni rahisi, na nitapita. “Put it where you found it”, kiweke ulipokikuta. Mkumbushe tu mwanafunzi kwamba “where” nayo ina kazi tatu kama “when”: “I know where he lives” ni nomino na “the house where he lives” ni kivumishi.

Sababu inahitaji uangalifu zaidi ya unavyodhania. “Because”, “since” na “as” haviko sawa. Mtu akiuliza “Why are you late?” unaweza kujibu “Because the bus broke down.” Huwezi kujibu “As the bus broke down” wala “Since the bus broke down.” “Because” huleta sababu ambayo msikilizaji haijui, “since” na “as” hutaja jambo ambalo wote mnalijua au mnaliona, kisha yakafuata yanayotokana nalo. Ndiyo maana vishazi vya “since” na “as” hupenda kukaa mwanzoni.

Tena kuna sababu ya tukio na sababu ya kusema. “The ground is wet because it rained”: mvua imelowesha ardhi. “It rained last night, because the ground is wet”: ardhi iliyolowa haikuleta mvua. Imemfanya msemaji aamini kwamba ilinyesha. Kiswahili cha mtaani kina neno zuri kwa ajili ya hiyo ya pili: jana usiku ilinyesha, maana ardhi imelowa. Katika Kiingereza mkato kabla ya “because” ndio unaotuonyesha.

Na jihadhari na kanusho. “He did not resign because he was afraid” ina maana mbili. Ama hakujiuzulu, na woga ndio uliomzuia. Ama alijiuzulu, lakini woga haukuwa sababu. Hata “hakujiuzulu kwa sababu aliogopa” ina utata huohuo, kwa hiyo hapa kugeuza kwa Kiswahili hakutasaidia. Mfundishe mwanafunzi kuhamisha kishazi: “Because he was afraid, he did not resign” ina maana moja tu.

Sasa kusudi na matokeo, ambako Kiswahili kinakuja kwa nguvu. “He spoke slowly so that we could understand him.” Alisema polepole ili tumwelewe. “He spoke slowly, so that we understood every word.” Alisema polepole, hata tukaelewa kila neno. Zote zina “so that”. Ya kwanza ni nia: hatujaambiwa kama tulielewa. Ya pili ni jambo lililokwishatokea. Kiingereza kinazitenga kwa “could”, “can”, “may”, “might”, “will” au “would” upande wa kusudi, na kitenzi cha kawaida pamoja na mkato upande wa matokeo. Kiswahili kinazitenga kwa “ili” na kitenzi kinachoishia na -e, dhidi ya “hata” au “kiasi kwamba” na kitenzi cha tukio. Jaribio jingine ni kuhamisha: “So that we could understand him, he spoke slowly” inakubalika. “So that we understood every word, he spoke slowly” haikubaliki, kwa kuwa matokeo hayawezi kutangulia chanzo chake.

Mitihani hupenda “so … that” na “such … that”. “So” hushika kivumishi au kielezi: “The tea was so hot that I could not drink it.” “Such” hushika nomino na vivumishi vyake: “It was such hot tea that I could not drink it.” Hizo ni matokeo daima.

Upande wa kusudi kuna “so that to buy”, inayotokana na “ili kununua”. Kiingereza kina njia mbili na hazichanganywi: “to buy” au “in order to buy” mtendaji akiwa yuleyule, “so that she could buy” ukitaka kishazi kamili chenye kiima. Na “lest” ni -sije yetu: “Write it down lest you forget”, liandike usije ukasahau. Kanusho limo ndani ya “lest” tayari, kwa hiyo anayeandika “lest you do not forget” amegeuza maana juu chini.

Sharti ndilo eneo pana kuliko yote, na nitaweka mkazo kwenye jambo moja. Kiswahili huweka alama ya sharti lisilo la kweli pande zote mbili: angekuja, ningemwambia. Kiingereza huweka alama mbili tofauti, wakati uliopita kwenye kishazi cha “if” na “would” kwenye kishazi huru: “If he came, I would tell him.” Mwanafunzi anayeandika “If he would come, I would tell him” anafuata ulinganifu wa Kiswahili. Kwa yaliyokwishapita, angalikuja ningalimwambia inakuwa “If he had come, I would have told him.” Shida ni kwamba wengi wetu siku hizi tunatumia -nge- hata kwa yaliyopita, “angekuja jana ningemwambia”. Kwa hiyo kiambishi hakitoshi kumwongoza mwanafunzi. Aulize: nafasi bado ipo, au imepita? Ikiwa imepita, “had” lazima iingie.

Kwa linalowezekana, akija nitamwambia, kuna mtego mwingine: -ki- yetu hubeba “if” na “when” kwa pamoja. Mama akisema “baba akirudi tutakula”, hana shaka kwamba baba atarudi. Kiingereza kinamlazimisha achague. “If your father comes back” itawatisha watoto. “When your father comes back” ndiyo aliyokusudia. Hapa mwanafunzi lazima afikirie hali yenyewe.

Si kila “if” yenye wakati uliopita ni ya kubuni. “If he was there, I did not see him”: kama alikuwepo, sikumwona. Ni jambo la kweli lisilojulikana tu, na Kiswahili kinalionyesha kwa “kama” na -li-. “Unless” nayo ina kanusho ndani yake, “unless he comes” ni asipokuja, na “unless he does not come” ni kosa ukikusudia hivyo. Na “in case” isiwekwe kwenye kapu moja na “if”: “Take an umbrella in case it rains” ni chukua mwavuli sasa, huenda mvua ikanyesha. “Take an umbrella if it rains” ni subiri kwanza uone.

Ukinzani una kosa moja kubwa: “Although he is old, but he works hard.” Kiswahili hukubali “ingawa ni mzee, lakini anafanya kazi kwa bidii”, na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kimoja: “although” peke yake, au “but” peke yake. Ukitaka mkazo unaweza kuongeza “still”: “Although he is old, he still works hard.” Kisha “even though” na “even if”: “even though he came” ni ingawa alikuja, na kweli alikuja, “even if he comes” ni hata akija, na hatujui kama atakuja. “Despite” haibebi kishazi. Inafuatwa na nomino, “despite the rain”. Anayeandika “despite it was raining” alihitaji “although”.

Namna na ulinganisho vinakwenda haraka. “As if” na “as though” hufuatwa na wakati uliopita jambo lisipokuwa kweli: “He talks as if he owned the house”, anaongea kana kwamba nyumba ni yake. “The more you read, the more you understand” ni kadiri unavyosoma ndivyo unavyoelewa, na muundo unakaribiana sana na wetu.

Kwa kipindi chako kijacho, usianze na orodha. Andika sentensi sita zenye viunganishi vitatu tu, “as”, “since” na “so that”, kila kimoja mara mbili kwa maana mbili. Waambie wanafunzi wasitaje jina la kishazi kwanza. Waandike kitenzi cha Kiswahili kinachofaa, kisha wapige mstari chini ya kiambishi au neno lililobeba uhusiano. Jina liandikwe mwisho. Hizi hapa unaweza kuanza nazo: “As the bus was leaving, he jumped in.” “As the bus was full, he waited.” “Since Monday came, she has been ill.” “Since you are ill, stay at home.” “She hid the money so that nobody would find it.” “She hid the money well, so that nobody found it.” Yule aliyejibu sababu mwite wa kwanza, umpe ya kwanza na ya pili pamoja, na umwache aeleze mwenyewe kwa nini “was leaving” na “was full” hazikumpa kitenzi kimoja.